Dole Gumba la Mzee Timazi

Jumanne, tarehe tisa Septemba. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika ghafla saa moja na nusu, na jua likachomoza kali hata lami ikawa inafuka mvuke kama nguo mbichi chini ya pasi.

Inspekta alishuka garini mbele ya nyumba namba kumi na nne, akaangalia saa yake. Saa mbili na dakika kumi. Kisha akaangalia mwisho wa mtaa. Tingatinga la njano lilikuwa limeegeshwa pale tangu jana, na dereva wake alikuwa amelala kwenye kiti, miguu imetokeza nje.

"Yule analala usingizi wa mtu mwenye hakika na kazi yake," alisema Koplo, akifunga mlango wa gari. Alikuwa amefanya kazi na Inspekta miaka kumi na moja, na mwaka mmoja tu ulibaki astaafu.

"Ana hakika mpaka saa kumi jioni," Inspekta alijibu. "Sisi tuna saa nane kasoro dakika kumi."

Akainamisha kichwa kidogo, midomo ikacheza, kama alivyofanya mbele ya kila mlango kabla ya kubisha.

"Dua fupi leo, au ndefu?" Koplo akauliza.

"Fupi. Ndefu niliimaliza nyumbani."

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Chuo kikuu kilikuwa kinapanuka. Nyuma ya ukuta wake kulikuwa na nyumba thelathini na moja za watu, na Ofisi ya Miliki ya chuo ilikuwa ikizinunua moja baada ya nyingine ili ijengwe maabara. Nyumba namba kumi na nne ilikuwa ya fundi mwashi ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Timazi, kwa sababu alipima kwa timazi, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea kuta, hata ukuta wa banda la kuku. Mzee Timazi alifariki tarehe ishirini Aprili. Mwezi Agosti mjane wake akaletewa barua: mume wako aliridhia kuuza nyumba tarehe nne Machi, fidia akapokea mkononi, tafadhali hama, itabomolewa tarehe tisa Septemba saa kumi jioni. Chini ya fomu ya ridhaa kulikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa bluu.

Mjane alikwenda mahakamani. Hakimu akampa Inspekta hati ya upekuzi na neno moja: "Niletee kitu leo. Nyumba ikishalala chini, nitabaki nahukumu kifusi."

Bi Timazi alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Nyuma yake sufuria zilikuwa zimefungwa kwenye shuka na godoro limekunjwa kwa kamba.

"Umeshafungasha, mama?" Inspekta aliuliza.

"Nimefungasha vya kufungasha. Kitanda alikijengea ukutani, hakitoki mpaka ukuta ubomolewe. Ndivyo alivyokuwa. Akiweka kitu, kimewekwa."

Inspekta alimwonyesha fomu. "Unalitambua dole hili?"

"Dole ni dole, mwanangu. Mimi na yeye hatukwenda shule. Hospitali dole, benki dole, kura dole. Nitalitambuaje?"

"Kwa hiyo unaamini ni lake."

Bi Timazi alikaza fundo la shuka yenye sufuria. Aliyejibu ni jirani, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua.

"Mwulizeni na habari za jioni!" alipaza sauti. "Fidia imeliwa na huyo wa jioni!"

"Wewe anika nguo zako!" Bi Timazi akamrudishia. "Hata hiyo sidiria imetoboka!"

Koplo alikohoa, akageukia ukuta. Inspekta alifungua daftari lake.

"Jioni gani, mama?"

Bi Timazi aliketi juu ya godoro. "Miaka miwili. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Saa kumi na moja anaoga, anavaa shati safi, anaondoka. Anarudi saa mbili. Nikiuliza, kikao cha mafundi. Siku ya mazishi nikawauliza mafundi wenzake habari za vikao hivyo. Wakatazamana. Hakukuwa na kikao chochote." Akaikunja pembe ya kanga yake. "Kama aliniuza, niambie tu. Nitapanga chumba, nitaishi. Lakini tumekaa miaka thelathini na minane. Nataka kujua nilimlilia nani."

Inspekta aliandika kwenye daftari: *Jtatu, Jtano, Ijumaa, saa 11 hadi saa 2.*

"Kitambulisho chake kilikuwa kinakaa wapi?"

"Kwenye kopo lile la chai. Lakini mwezi wa pili mwishoni nilimwona mpwa wake anakitia mfukoni. Yule Chapchap, anayetengeneza mafriji. Nilipomuuliza, akababaika."

Inspekta na Koplo walitazamana. Wiki moja kabla ya fomu.

*

Karakana ya Chapchap ilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale. Mafriji sita yalisimama nje bila milango. Chapchap mwenyewe, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye bisibisi sikioni, aliwaona wakivuka barabara, akaweka chini kila alichoshika, akapitia mlango wa nyuma.

Koplo alikuwa tayari mlango wa nyuma.

"Karibu," alisema Koplo. "Tulikuwa tunaingia, wewe unatoka. Turudi wote."

Walimketisha juu ya friji lililolazwa. Inspekta alibaki amesimama.

"Februari ulichukua kitambulisho cha mjomba wako. Ulikipeleka wapi?"

"Kitambulisho gani?"

"Nina hati ya mahakama mfukoni na saa zinakwenda. Usinichezee."

Chapchap alifuta mikono kwenye suruali. "Nilikitolea nakala. Nikakirudisha."

"Nakala ukampa nani?"

"Siwezi kusema."

"Ofisi ya Miliki ya chuo?"

"Hapana!"

"Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mjomba wako alikuwa anakwenda kwa nani?"

Chapchap alitazama chini. Jasho lilikuwa linamtiririka, na feni ilikuwa inamwelekea yeye.

"Niliapa," alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa mjomba mwenyewe."

"Mjomba wako amefariki," Inspekta alisema. "Saa kumi leo nyumba yake inalazwa, na mke wake anaamini alikuwa na mwanamke mwingine. Kiapo hicho unamtunzia nani sasa?"

Chapchap aliinua uso haraka. "Mwanamke? Mjomba?" Akaanza kucheka, akajizuia. "Afande, mjomba alikuwa shule."

Koplo aliacha kutafuna kijiti alichokuwa nacho mdomoni. "Shule ipi?"

"Kisomo cha jioni. Pale pale chuoni, nyuma ya maktaba. A, e, i, o, u. Ana miaka sitini na nne, amekaa dawati moja na mama muuza mkaa. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Kitambulisho kilitakiwa ili ajiandikishe mtihani."

"Kwa nini amfiche mke wake?"

"Alitaka amwandikie barua, kisha amsomee mwenyewe. Alisema atamwambia siku atakayoiandika bila kosa hata moja. Mnamjua mjomba? Ukuta ukitoka nje unywele mmoja, anabomoa anaanza upya. Barua nayo aliibomoa hivyo hivyo, mpaka akafa."

Inspekta alikuwa ameshafunga daftari. "Kwa hiyo mwezi Machi alikuwa anajua kuandika jina lake."

"Jina? Alikuwa anasoma mabango yote barabarani kwa sauti! Ilikuwa aibu kutembea naye."

"Nyoosha vidole."

Koplo alitoa kidau cha wino na karatasi, akachukua alama za madole yote mawili. Inspekta aliyasogeza karibu na fomu. Dole la bluu lilikuwa na kovu lililolikata mshazari kutoka juu hadi chini. Madole ya Chapchap yalikuwa mazima.

"Si wewe," alisema. "Twende, Koplo. Mwendo."

Garini, Koplo alisema lililokuwa kichwani mwa wote wawili. "Mtu anajifunza kusaini miaka miwili kwa siri. Halafu siku ya kuuza nyumba yake mwenyewe, anaweka dole?"

"Aliyeandaa fomu alifikiri kama mke wake anavyofikiri," Inspekta alisema. "Alijua Mzee Timazi hajui kuandika. Kila mtu alijua hivyo. Lakini bado ni mawazo tu, Koplo. Hakimu anataka kitu anachoweza kukishika."

*

Mwalimu wa kisomo cha jioni alikuwa ofisini kwake mapema, akibandika majalada ya vitabu kwa gundi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliposikia jina la Mzee Timazi aliacha gundi, akaenda moja kwa moja kwenye kabati.

"Hili ni daftari lake. Sikuweza kulitupa."

Inspekta alifungua. Kurasa za kwanza zilikuwa na mistari iliyopinda kama kamba. Kurasa za mwisho herufi zilikuwa zimesimama wima, zote urefu mmoja, kama matofali. Ukurasa mzima ulikuwa na jina lake. Ukurasa uliofuata ulikuwa na jina la mke wake.

"Tangu ajue kusaini," Mwalimu alisema, "hata daftari la mahudhurio nikimwacha alikuwa anasaini mara mbili. Nikimwambia mzee, moja inatosha, ananiambia hiyo ya pili ni ya miaka niliyokosa."

"Aliwahi kuweka dole hapa kwenu?"

"Alijaribu, akashindwa."

Inspekta aliinua kichwa. "Alishindwaje kuweka dole?"

"Siku ya kujiandikisha mtihani. Tarehe ishirini na tano Februari. Kuna mashine ya kusoma alama za vidole. Ilikataa dole gumba, tukajaribu lingine, likakataa. Tukajaribu vidole vyote kumi. Tukafuta kwa spiriti, tukajaribu kwa wino. Wapi! Doa tu. Miaka arobaini ya saruji, Inspekta. Ngozi ilikuwa laini kama kijiko. Yeye mwenyewe alicheka, akasema vidole vyangu nimeviacha kwenye kuta za watu." Mwalimu akavuta jalada jingine. "Ilibidi niandike maelezo, naye akasaini. Haya hapa. Na ile karatasi ya wino tuliyojaribia nimeibana nyuma."

Inspekta aliweka karatasi ile mezani. Madoa kumi ya wino, mviringo, matupu, bila hata mstari mmoja. Akaweka fomu ya ridhaa pembeni yake, akatoa kioo cha kukuzia, akainama. Mistari ya dole la bluu ilikuwa dhahiri kama matuta ya shamba lililolimwa jana.

Akamwachia Mwalimu kioo. Mwalimu alitazama mara moja tu.

"Hili si dole la fundi mwashi," alisema.

"Siku saba," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kutaka. "Februari ishirini na tano hana alama hata moja. Machi nne ana alama nzuri kuliko zangu. Mwalimu, uko tayari kusema hayo mbele ya hakimu?"

"Hata sasa hivi, na gundi mikononi."

Koplo alikuwa ameshaingiza karatasi na daftari kwenye bahasha ya vielelezo na kuandika saa: sita na robo mchana.

"Tuna la kumwonyesha hakimu," alisema. "Twende mahakamani?"

"Hakimu ana kesi mpaka saa tisa. Na atauliza swali moja: kama si la Mzee Timazi, ni la nani? Kwanza Ofisi ya Miliki."

*

Mkuu wa Miliki alikuwa na suti ya kijivu, simu mbili na tabasamu moja. Aliwapokea kwa mikono miwili.

"Inspekta, dada yangu, karibu. Ningejua unakuja ningeandaa."

"Ndiyo maana sikusema." Akaweka hati ya upekuzi mezani. "Naomba mafaili yote ya nyumba thelathini na moja. Hasa ya wenye nyumba walioweka dole badala ya saini."

"Hayo lazima yapitie kwa mwanasheria wa chuo, dada yangu."

"Yamepitia kwa hakimu. Soma mstari wa tatu."

Alisoma mstari wa tatu. Tabasamu halikuondoka, lakini lilichoka. Akamwita karani, na karani akaleta mafaili kwa awamu, polepole. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Koplo alipanga ya saini kulia, ya madole kushoto. Kulia yakawa ishirini na manne. Kushoto yakawa saba.

Inspekta alizifungua fomu saba, akazipanga mezani. Akapitisha kioo juu ya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya tano alirudi ya kwanza, akahakikisha. Alipomaliza ya saba, alimpa Koplo kioo.

Koplo naye alipita fomu zote. Kovu la mshazari. Kovu la mshazari. Kovu la mshazari.

"Mungu wangu," alisema Koplo. "Watu saba, dole moja."

"Madole yote yanafanana, dada yangu," alisema Mkuu wa Miliki.

"Waulize walioko gerezani." Inspekta alikuwa anasoma majina. "Wenye nyumba hawa saba, watano wamefariki. Wawili wako nje ya nchi. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuja hapa kulalamika. Nani alizijaza fomu hizi?"

"Ofisi ina watu wengi."

"Nani alikuwepo dole lilipowekwa? Nafasi ya shahidi iko wazi kwenye zote saba."

"Samahani, simu muhimu," Mkuu alisema, akainuka, akatoka.

Inspekta alimwacha aende, maana mafaili yalikuwa mezani. Alizunguka chumba. Dole hili lilikuwa la mtu wa karibu, mtu ambaye Mkuu angeweza kumwita wakati wowote na asiulize. Wino ulikuwa wa bluu, na kidau cha wino wa bluu kilikuwa pale pale juu ya meza ya karani, kimekauka ukingoni.

"Koplo, kayasainie mafaili haya. Tunaondoka nayo."

Karani alimsogezea Koplo daftari kubwa, lile la kuandikia kila barua na faili linalotoka ofisini. "Saini hapa, afande. Kwenye kisanduku cha mwisho."

Koplo alishika kalamu. Halafu kalamu ikabaki hewani.

"Inspekta," alisema taratibu. "Njoo na kioo chako."

Kisanduku cha mwisho cha kila mstari kilikuwa na saini ya aliyechukua barua. Na kila baada ya saini mbili tatu, badala ya saini kulikuwa na dole gumba la bluu. Ukurasa huu madole tisa. Ukurasa wa nyuma kumi na moja. Kovu la mshazari kwenye kila moja.

"Hili dole ni la nani?" Inspekta aliuliza. Alijitahidi kuongea kawaida.

Karani alishangaa swali lenyewe. "La Babu Tarishi, la nani tena! Hajui kuandika, kwa hiyo akipeleka barua anaweka dole. Yuko hapa miaka ishirini na sita. Kila kitu cha ofisi hii kina dole lake."

Jibu lilikuwa wazi mezani muda wote. Dole ambalo ofisi nzima ililiona kila siku, mpaka hakuna aliyeliona tena, na aliyepanga ule uongo alilitumia kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

"Babu Tarishi yuko wapi sasa?"

"Mkuu amemtuma, dakika tano hazijapita. Kapeleka barua ya kuanza kubomoa kwa dereva wa tingatinga. Kapanda baiskeli."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika thelathini na tano.

"Lakini ubomoaji ni saa kumi!" alisema Koplo.

"Kaisogeza," Inspekta alisema, naye alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Geti kuu la chuo lilikuwa limejaa wanafunzi wanaotoka mihadhara, na gari lilisimama kama limefungwa breki. Inspekta alifungua mlango.

"Kwa miguu!"

"Mimi nina miaka hamsini na tisa!" Koplo alilia nyuma yake.

"Basi kimbia kama una hamsini na nane!"

Walipita geti dogo la nyuma, wakakata uwanja wa mpira wa pete, wakavuka mfereji kwa ubao. Walipoingia mtaani, moshi mweusi ulikuwa tayari umepanda juu ya mapaa na ardhi ilikuwa inatetemeka. Tingatinga lilikuwa limefika nyumba namba kumi na tatu. Sepetu lake lilikuwa limeinuliwa. Mzee mmoja mwenye sare ya khaki alisimama kando na baiskeli, na mtaa wote ulikuwa nje.

Inspekta alikimbia akapita umati, akasimama katikati ya barabara, mbele ya sepetu, mikono juu.

"Zima!"

Dereva alionyesha sikio lake. Hasikii.

"Zima! Polisi!"

Koplo alifika akihema, akapanda ngazi ya tingatinga, akanyoosha mkono ndani, akazungusha ufunguo. Ukimya ulianguka ghafla hata mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza.

"Nina barua," dereva alilalamika.

"Na mimi nina kesi," Inspekta alisema. "Nyumba saba za mtaa huu ni vielelezo kuanzia sasa. Atakayegusa hata dirisha, ameharibu ushahidi." Akageuka. "Babu, naomba unionyeshe dole gumba lako la kulia."

Babu Tarishi alitoa mkono bila kusita. Kovu lilikuwa pale, jeupe, la mshazari.

"Lilikatwa na mashine ya karatasi," alisema. "Zamani. Kuna nini, mama?"

Inspekta alifunua fomu ya nyumba namba kumi na nne. "Hili ni lako?"

Mzee aliikodolea macho. "Ni langu. Hizi karatasi Mkuu aliniita ofisini, akaniambia weka dole kama kawaida, kuonyesha zimepelekwa. Nikaweka. Kila siku naweka."

"Ulizipeleka?"

"Hapana. Alisema atazipeleka mwenyewe." Akatazama nyuso za watu. "Zimeandikwa nini?"

Inspekta alimsomea, kila neno. Alipofika kwenye "mimi mwenye nyumba nimeridhia," mzee aliegemeza baiskeli kwenye ukuta.

Bi Timazi alikuwa ameshapenya umati. "Kwa hiyo si dole la mume wangu."

"Si lake, mama. Mume wako hakuuza kitu."

"Na jioni?"

Inspekta alitoa daftari kwenye bahasha. "Alikuwa kisomo cha jioni. Alijifunza kuandika. Hili ni jina lake. Na ukurasa huu wote ni jina lako."

Bi Timazi alilishika daftari mbali kidogo na uso, kama kitu cha moto. "Langu ndilo refu hivi?" Halafu akapiga kofi paja lake. "Miaka miwili! Nimemnunia miaka miwili mtu anakwenda shule! Nimemnyima mpaka maji ya kuoga ya moto!"

Kicheko kilipasuka mtaa mzima, na jirani mwenye sauti kubwa ndiye aliyecheka kuliko wote huku akijifuta macho kwa nguo iliyoanuliwa. Hakikudumu. Gari jeupe la chuo lilikuwa limesimama, na Mkuu wa Miliki alikuwa anashuka.

"Kumetokea makosa madogo ya kiofisi," alisema, akitazama kila mtu isipokuwa Bi Timazi. "Yatarekebishwa. Mzee, ingia garini, tukaongee. Unastaafu Desemba. Usijiingize kwenye mambo usiyoyajua, ukapoteza miaka ishirini na sita."

Akafungua mlango wa nyuma, akaushika wazi akisubiri uamuzi.

Babu Tarishi alitazama mlango ule. Akapiga hatua moja kuuelekea.

Inspekta hakumzuia. Alijua alicho nacho mkononi: dole lingethibitisha nani aliweka alama, lakini aliyeagiza angeweza kukana mpaka kesho kutwa. Hakuna karatasi iliyomtaja. Ulikuwepo ulimi mmoja tu duniani, na ulikuwa unakwenda kuingia kwenye gari.

Aliyesimama njiani ni Bi Timazi, daftari kifuani.

"Kaka yangu," alisema. "Hukujua. Nimesikia, na nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini mimi nimemtuhumu marehemu tangu Agosti kwa ajili ya dole lako. Kuna nyumba sita zaidi zenye watu wanaowatuhumu watu wao. Sitaki pole. Ukiingia humo, utatoka umesahau."

"Nina wajukuu wanne, dada," mzee alisema, chini chini.

"Najua. Na watapita mtaa huu."

Mkuu wa Miliki aliita tena. "Mzee!"

Babu Tarishi alivua kofia yake ya sare. Akaiweka juu ya kiti cha baiskeli, akageuka akawapa uso watu wa mtaa, wala hakulitazama gari tena. Akainua mkono wa kulia, dole gumba likiwa limesimama peke yake, kovu linaonekana mpaka nyuma ya umati.

"Mungu ananisikia na nyinyi mnanisikia," alisema, na sauti yake haikuwa ya chini tena. "Kesho saa tatu asubuhi nitasimama mbele ya hakimu. Nitasema dole ni langu, na nitamwonyesha kwa dole hili hili mtu aliyenishika mkono akaniambia niliweke. Nikikosa kufika, mje mnitoe nyumbani kwangu mchana kweupe, na wajukuu zangu waone."